Aliyekwama Njiani: Haki Yake, na Tahadhari za Mwenye Kumsaidia

Sima tunayoipakua majumbani mwetu hapa pwani aghalabu imesafiri masafa marefu kuliko wengi wetu. Mahindi hulimwa katika nyanda za juu za Uasin Gishu na Trans Nzoia, hukusanywa katika miji midogo kama Moi's Bridge, kisha hupakiwa kwenye malori na kuteremshwa hadi kwenye vinu vya unga. Malori yapandayo nayo hayaendi matupu. Mengi huwa yamebeba mbolea iliyoshushwa katika bandari ya Mombasa, ambayo mkulima wa bara huitegemea kwa mavuno yake. Hivyo, baina ya mkulima wa Moi's Bridge na mama apikaye jikoni Kisauni au Likoni, yupo mtu ambaye mara chache tunamkumbuka: dereva wa lori, pamoja na utingo wake.

Kutoka Mombasa hadi Eldoret ni takriban kilomita 800. Dereva hupita Mariakani, Voi na Mtito Andei, huuvuka mji wa Nairobi, huteremka Bonde la Ufa, hupita Nakuru, kisha hupanda tena hadi Timboroa na Burnt Forest kabla ya kuingia Eldoret. Hapo magari mengi hufuata njia ya Malaba kuelekea Uganda. Yale yaendayo Moi's Bridge hushika njia ya Kitale, ambayo ni kama kilomita 70, na mji huo umo baina ya miji hiyo miwili, karibu na mpaka wa kaunti za Uasin Gishu na Trans Nzoia. Zamani uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi wa Kizungu, Arthur Cecil Hoey, aliyejenga daraja juu ya Mto Nzoia. Jina la sasa lilikuja baada ya uhuru.

Msimu wa mavuno, kuanzia mwezi wa Oktoba hadi mwisho wa mwaka, barabara hii hubeba mzigo mkubwa. Malori hupanga foleni kwenye maghala ya nafaka. Matrekta huvuta matela ya mahindi, mengine bila taa za nyuma. Boda boda, ng'ombe na waendao kwa miguu hutumia njia hiyo hiyo, pamoja na magari yaendayo Lodwar na Sudan Kusini, na yale yashikayo njia ya mpaka wa Suam. Giza likiingia na mvua ikanyesha, gari likaharibika mahali pasipo na nyumba wala taa, mwenye nalo hutazama mbele na nyuma akimwomba Mola amletee mtu. Na mara nyingi mtu huyo huwa ni dereva wa lori.

Makala haya yanamzungumzia yeye: fadhila yake, hatari zinazomkabili anaposimama, na mambo yanayotupasa kuyajua sisi tuliobaki majumbani. Wengi kati yetu ni wake, mama na watoto wa madereva. Na waliosalia, huenda siku moja wakawa wao ndio waliokwama.

Udugu wa barabarani

Madereva wa masafa marefu wana ada zao ambazo hazikuandikwa popote, lakini kila aingiaye katika kazi hiyo hufundishwa na waliomtangulia. Dereva wa gari dogo aghalabu hana ila jeki ndogo na spana moja. Dereva wa lori huwa na jeki kubwa, mnyororo, tochi, vipande vya waya na uzoefu wa miaka. Akimkuta mwenzake amepata pancha, humwazima kifaa alichokosa. Akiwa hana cha kumwazima, huchukua ujumbe hadi mji wa mbele na kumwita fundi. Lori likilala njiani siku mbili au tatu likingoja spea, wenzake wapitao humwachia maji na chakula, na wengine hulala hapo pamoja naye ili mzigo usiibwe.

Ipo pia ada ya taa. Lori refu likipanda mlima polepole, dereva wa gari dogo lililo nyuma haoni yajayo mbele. Dereva wa lori, ambaye ameketi juu na kuona mbali, humwashia taa ya upande wa kushoto kumjulisha kuwa njia ni nyeupe, au ya kulia kumwonya asithubutu kupita. Ni wema mkubwa unaofanywa na mtu kwa mtu asiyemjua wala hatamwona tena.

Wema wa namna hii si mgeni katika mafundisho yetu. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume wetu (S.A.W.) amehesabu miongoni mwa sadaka za kila siku kumsaidia mtu kumpanda mnyama wake, au kumwinulia mzigo wake juu ya mnyama huyo. Ngamia wa zama zile ndiye lori la leo, na anayemshikia mwenzake gurudumu ili lifungwe nati yumo katika sadaka hiyo hiyo. Kadhalika ametufundisha kuwa kuondoa njiani kitu kinachoudhi wapitao ni tawi mojawapo la imani. Wala hakubagua: hakusema njia ya Waislamu, wala hakusema mnyama wa Mwislamu. Aliyekwama Moi's Bridge, awe wa dini yoyote na kabila lolote, ana haki ya msafiri juu ya msafiri.

Suala la akina mama

Katika darasa za akina mama suala hili huulizwa kwa namna mbalimbali, na kiini chake ni kimoja. Mume ni dereva wa masafa marefu. Usiku, njiani, huona gari limesimama na mtu akimpungia mkono. Akisimama, mkewe huhofia kuwa mjane. Asiposimama, yeye mwenyewe huhofia kuwa ameiacha roho ya mtu ipotee, naye ataulizwa. Basi afanye nini?

Jawabu lina pande mbili, na kila upande ni haki. Kuokoa roho ni katika mambo makubwa aliyotuamrisha Mwenyezi Mungu, na wanavyuoni wamelihesabu kuwa ni faradhi ya kutosheleza: wakilitekeleza baadhi ya watu, waliosalia huwa wamesalimika, wakiliacha wote, wote hupata dhambi. Lau dereva ni peke yake aliyeyaona mashaka yale, faradhi humwelekea yeye. Lakini Mwenyezi Mungu huyo huyo ametukataza kujitupa katika maangamizo kwa mikono yetu, na ametuamrisha tuchukue hadhari. Na katika kanuni za fiqhi, dhara haliondolewi kwa kuleta dhara jingine mfano wake. Anayeokoa mmoja kwa kuua wawili hakuokoa.

Zikikusanywa pande hizi mbili, hupatikana neno ambalo kila dereva na kila mke wa dereva angefaa alihifadhi: kusaidia ni wajibu, ama kusimama ni njia moja tu miongoni mwa njia za kusaidia. Yupo anayesimama akasaidia, na yupo anayesimama akaangamiza. Yupo asiyesimama akawa amekimbia, na yupo asiyesimama lakini akapiga simu, akaripoti kituo cha mbele, na kwa simu yake akaokolewa mtu. Ili dereva ajue lipi la kufanya, hana budi kuzijua hatari zenyewe.

Hatari ya kwanza: gari lijalo nyuma

Watu hudhani kuwa hatari kubwa ya kusimama usiku ni wezi. Wezi wapo, na tutawataja. Lakini hatari iliyo karibu zaidi ni gari la tatu, lile ambalo dereva wake hakujua kuwa mbele yake pana magari mawili yamesimama na watu wameinama katikati.

Tufanye hesabu ndogo. Sheria ya Kenya humwekea dereva wa lori kikomo cha mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo, gari hukata zaidi ya mita 22 kila sekunde. Sheria hiyo hiyo hutaka gari lililokwama liwekewe pembetatu nyekundu za kuakisi mwanga, moja mbele na moja nyuma, kwa umbali usiopungua mita 50. Mita 50 humalizwa kwa sekunde mbili na ushee. Katika sekunde hizo dereva aone, atambue, akanyage breki, na lori lenyewe lisimame. Na lori lenye ekseli saba huruhusiwa katika Afrika Mashariki kufikia uzani wa tani 56. Kwa hiyo mita 50 ni kiwango cha chini. Usiku, kwenye mvua, kwenye kona au nyuma ya kilima, mwenye busara huipeleka pembetatu mbali zaidi, akiibeba mbele ya kifua chake ili ing'ae huku akitembea ukingoni.

Wengi hawana pembetatu, au zimeibiwa, au ziliazimwa siku ya ukaguzi tu. Badala yake hukata matawi ya miti na kuyatandaza barabarani, na kila dereva wa Kenya anaelewa maana yake. Tawi ni bora kuliko kukosa alama kabisa, lakini tawi haling'ai usiku. Pia huweka mawe makubwa nyuma ya magurudumu ili gari lisirudi. Kisha tairi likishafungwa, watu hushukuru, huagana na kuondoka, na mawe hubaki pale pale katikati ya njia.

Hapa ndipo wema hugeuka kuwa dhuluma bila mwenyewe kujua. Jiwe lililoachwa usiku litamwangusha kijana wa boda boda saa mbili baadaye, naye hana habari ya tairi wala pancha. Ikiwa kuondoa udhia njiani ni tawi la imani, basi kuuweka na kuuacha ni kinyume chake. Msaada wa barabarani haujakamilika mpaka jiwe la mwisho limerudishwa ukingoni na tawi la mwisho limeondolewa. Kazi hii ndogo hufaa apewe utingo, na aikague dereva mwenyewe.

Wala watu wasikusanyike kutazama. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori lililopoteza mwelekeo liliyavamia magari, wafanyabiashara na abiria waliokuwa kando ya barabara, na watu zaidi ya 50 wakafariki. Wale walikuwa katika shughuli zao za halali za kutafuta riziki, Mwenyezi Mungu awafariji jamaa zao. Lakini msiba ule umetuonyesha kuwa ukingo wa barabara kuu si mahali pa salama pa kusimama, sembuse katikati yake.

Hatari ya pili: mtego

Wapo wanaojifanya wamekwama. Gari husimamishwa na boneti ikafunguliwa, au mawe hupangwa barabarani, au mtu hulazwa chini kama maiti. Njia ya kuelekea Juba inajulikana kwa mashambulizi ya watu wenye silaha, na katika mwaka wa 2021 madereva wa Kenya na Uganda waligoma kwenda Sudan Kusini baada ya wenzao kuuawa. Woga wa dereva kwa hiyo si udhaifu wa imani. Mtume (S.A.W.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo ategemee.

Anayeona gari limesimama usiku mahali pa upweke hana lazima ya kushuka. Apunguze mwendo akiwa amefunga milango, atazame kwa taa zake, ayahifadhi aliyoyaona: gari la aina gani, nambari yake, watu wangapi, na mahali palipo karibu panapojulikana. Kisha aendelee hadi penye taa na watu, kama vile kituo cha mafuta, kizuizi cha polisi au kituo cha biashara, na hapo apige 999 au 112, au 1199 ambayo ni nambari ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, isiyotozwa malipo. Kama walikuwa wezi, polisi watajua. Kama walikuwa waja wa Mungu waliokwama, watakuwa wamepelekewa msaada ulio bora kuliko wa mtu mmoja gizani. Dereva huyo hakukimbia. Ametekeleza faradhi yake kwa njia iliyomfaa. Aliyekosea ni yule aliyepita, akanyamaza, na alipofika mbele akanywa chai yake kana kwamba hakuona kitu.

Hatari ya tatu: mafuta yaliyomwagika

Ikiwa gari lililoanguka ni tangi la mafuta, hukumu hubadilika kabisa. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, katika barabara hii hii ielekeayo Eldoret, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Tarehe 10 Agosti 2019 msiba mfano wake ulitokea Msamvu, mjini Morogoro, nchini Tanzania, na waliofariki nao walizidi 100.

Mafuta yaliyomwagika si riziki iliyoteremshwa, wala si kitu cha kuokota kisicho na mwenyewe. Mwenyewe anajulikana, na umiliki hauondoki kwa ajali. Wajibu wa dereva anayefika mwanzo ni kusimama mbali, kuzima injini, kuzuia magari na watu wasikaribie, kukataza sigara na moto wowote, na kupiga simu. Kuwafukuza watu kwa sauti kali siku hiyo ni katika huruma.

Hatari ya nne: kutoa kisicho chako

Hili huwatatiza madereva wema zaidi, kwa sababu mkono wao ni mwepesi. Gari dogo limeishiwa mafuta. Dereva wa lori anayo dizeli tangini. Je, ampe? Kwanza kuna suala la ujuzi: dizeli haifai katika gari la petroli, na akiitia atamharibia mwenziwe injini. Pili, na hili ndilo zito, dizeli ile si yake. Ni mali ya mwajiri, iliyopimwa kwa safari. Sadaka hutolewa katika mali ya mtu mwenyewe. Dereva mwenye moyo wa kutoa amtafute mwajiri wake kabla ya safari, waafikiane mapema: nikimkuta aliyekwama, niruhusu kumpa kiasi gani, kusimama muda gani, na kubeba nani? Idhini moja iliyotolewa mchana ofisini huondoa mashaka mengi ya usiku.

Mzigo nao ni amana. Tangu mwaka wa 2017 mamlaka za ushuru za Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa zikifuatilia shehena za kwenda nchi jirani kwa kufuli za kielektroniki, na lori likisimama pasipopangwa huonekana. Dereva aliyesimama kwa wema na apige simu mara moja aeleze sababu, asije akatuhumiwa kwa jambo ambalo nia yake ilikuwa safi.

Tumetaja ujuzi, na mfano mwingine ni betri. Malori mengi hutumia umeme wa volti 24, na magari madogo volti 12. Anayeunganisha moja kwa moja ili kuamsha gari dogo huweza kuunguza vyombo vyake vyote, na betri yenyewe huweza kupasuka. Asiyejua aseme hajui, amwite fundi. Na katika ile ada ya taa, aashaye taa ya kushoto ajue kuwa ametoa ushahidi. Asiutoe ila kwa yakini. Naye ashahidiwaye asipite kwa macho ya mwenzake pekee, bali atazame kwa yake.

Aliyeumia

Pakiwa na majeruhi, mambo hufuata utaratibu: kwanza tahadhari kwa magari yajayo, pili simu, tatu mgonjwa. Wengi wetu huanza na la tatu kwa haraka ya huruma. Majeruhi asivutwe kwa mikono na miguu, kwa kuwa uti wa mgongo uliovunjika huweza kukatika kwa kuvutwa. Aondolewe tu ikiwa pana moto au hatari nyingine iliyo karibu. Asinyweshwe maji wala soda. Damu inayobubujika ikandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Aliye baridi afunikwe. Kutoka Moi's Bridge, hospitali kubwa ya rufaa ni ile ya Moi iliyoko Eldoret, na ziko nyingine upande wa Kitale.

Baadhi ya madereva huogopa kumfikisha majeruhi hospitalini wakidhani watadaiwa gharama au watageuzwa washukiwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, imesema wazi kuwa mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Dereva na apige picha ya mahali kabla ya kumwinua mtu, achukue nambari ya simu ya shahidi mmoja au wawili, na atoe taarifa polisi mapema yeye mwenyewe. Atanguliaye kueleza aliyoyaona hujiepusha na dhana nyingi.

Na ikiwa wewe ndiye uliyekwama

Dada zangu, wengi wenu husafiri na watoto kwenda bara kuzuru jamaa au kupeleka wanafunzi shuleni. Gari likikwama usiku, zingatieni haya.

Tokeni garini kwa upande usiopita magari, mwende mbali na ukingo, watoto wakishikwa mikono. Msisimame nyuma ya gari wala katikati ya magari mawili. Na jambo ambalo husahaulika: buibui jeusi halionekani usiku. Mwanamke aliyejisitiri kwa nguo nyeusi, kando ya lami nyeusi, dereva humwona akiwa ameshamfikia. Wekeni ndani ya gari mtandio mweupe, au jaketi la kuakisi mwanga la kuvaliwa juu ya buibui. Stara haitapungua na uhai utalindwa. Mwanga wa tochi ya simu uelekezwe chini, usiwapofushe madereva wajao.

Akisimama dereva kuwasaidia, mpigieni mtu wa nyumbani mbele yake, mkamtajia nambari ya lori na mahali mlipo. Mtu mwema hataudhika kwa hilo. Bali litamlinda yeye pia na dhana mbaya. Kupanda katika lori la mtu msiyemjua liwe jambo la mwisho kabisa, na likilazimu, asipande mwanamke peke yake, wala isiwe zaidi ya kituo cha kwanza chenye taa na watu. Bora kuliko hilo ni dereva kuwapigia simu wahusika, kisha akae karibu, taa za tahadhari zikiwaka, mpaka msaada ufike. Kuwakalia watu tu, bila kugusa spana, ni msaada mkubwa.

Na mkimpa zawadi, mpeni kwa hiari. Ama dereva aliyesaidia kwa ajili ya Mwenyezi Mungu asiwawekee bei baada ya kazi.

Msaada uanzao nyumbani

Mke wa dereva ana sehemu katika wema huu, na sehemu yake si kumkataza wala kumsukuma. Kabla ya safari amuulize: pembetatu mbili zipo? Tochi ina betri? Mtungi wa kuzimia moto haujapitwa na wakati? Jaketi la kung'aa limo ndani ya kibanda cha dereva, au limefungiwa chini ya turubai? Vitu hivi vyote bei yake ni ndogo kuliko bei ya sanda.

Kisha asimpigie simu akiwa anaendesha, na asimwulize kila saa atafika lini. Sheria ya trafiki hairuhusu dereva wa lori aendeshe zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Kilomita 800 na ushee za milima na foleni hazimaliziki kwa lori katika saa 8. Kwa hiyo safari ya Moi's Bridge ni ya siku mbili au zaidi, na familia inayomhimiza arudi upesi inamhimiza asilale. Dereva asiyelala hawezi kumsaidia aliyekwama. Yeye mwenyewe ndiye gari la tatu tulilolitaja, lijalo kutoka nyuma bila kuona.

Watoto nao wafundishwe kuwa kazi ya baba yao si ya kudharauliwa. Wapo watu wanaomtaja dereva wa lori kwa mabaya tu. Mtoto na asikie pia kwamba usiku fulani, kwenye mvua, katika barabara ya mbali, baba yake aliweka pembetatu, akamshikia mtu asiyemjua tochi mpaka tairi likafungwa, kisha akayarudisha mawe yote ukingoni kabla ya kuwasha gari lake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu na baharini, awarejeshe kwa ahli zao salama, awalipe kheri wanaowafaa wenzao katika dhiki, na awarehemu waliotangulia wakiwa katika kusaidia. Amin.